Rubani Asiyekwenda Popote

Nimekuwa kimya kwa muda na baadhi yenu mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa nimezama katika kazi iliyonipeleka mahali ambapo sikutarajia mtu wa kompyuta (au tarakilishi, kama mwalimu wangu wa Kiswahili alivyosisitiza hadi tukachoka) angefika: kwenye ndege. Kwa hivyo leo hakuna habari za simu mpya wala za lugha za programu. Leo ni marubani.

Mwulize mtoto yeyote hapa Kenya rubani ni nani. Atakuambia ni yule wa shati jeupe na mistari minne mabegani, anayevuta kijisanduku chake pale JKIA huku watu wakimpisha. Kazi yake ni kukutoa hapa na kukufikisha kule. Ukifika salama, kazi imekwisha.

Kuna rubani wa aina nyingine ambaye wengi wetu hatumjui. Huyu hupaa asubuhi, huruka saa sita au hata nane, kisha hutua kwenye uwanja ule ule alioondokea. Hakubeba abiria wala mizigo ya mtu. Hakwenda popote! Alichorudi nacho ni namba: joto la hewa, kiasi cha gesi fulani, idadi ya tembo, au jinsi ndege yenyewe ilivyotikisika alipovuta usukani kwa nguvu kiasi fulani. Hao ndio marubani wa utafiti, wa sayansi na wa uhandisi, na tangu mwaka jana nimekuwa nikiwafikiria kuliko ilivyo kawaida kwa mtu ambaye hata kwenye matatu ya kwenda Ngong hupenda kukaa nyuma.

Nieleze nilivyowafikia. Kampuni ndogo ninayofanyia kazi hapa Nairobi ilipata kibarua cha kuandika programu ya kusafisha data za ndege za kuhesabu wanyamapori. Kila ndege hurudi na faili ndefu: saa, mahali ilipo, kimo, mwendo, sekunde baada ya sekunde, na pembeni yake maandishi ya walichoona wahesabuji. Kazi yangu ilikuwa kuviunganisha vyote hivyo na kutoa hesabu inayoeleweka.

Njia yenyewe ni ya miaka mingi. Kenya imeitumia tangu miaka ya 1970, serikali ilipounda kitengo kilichoitwa KREMU, ambacho sasa ni idara inayojulikana kwa herufi DRSRS. Ndege ndogo huruka kwa mistari iliyonyooka, sambamba, yenye nafasi ya kilomita kadhaa kati ya mstari na mstari, kwa kimo cha kama mita 120 tu kutoka ardhini. Nyuma hukaa wahesabuji wawili, mmoja kila upande. Kwenye mhimili wa bawa kila upande hufungwa vijiti viwili, na mhesabuji huhesabu wale tu wanaoonekana katikati ya vijiti hivyo. Kundi likiwa kubwa, hulipiga picha lihesabiwe baadaye mezani. Mwishowe unajua umeona wanyama wangapi katika ukanda wa upana fulani, unazidisha kwa eneo zima, unapata makadirio.

Sasa angalieni jambo hili. Vijiti havisogei, lakini upana wa ardhi unaoonekana kati yake hutegemea kimo. Rubani akipanda kutoka mita 120 hadi 132, ukanda uliokuwa wa mita 150 umekuwa wa mita 165. Mhesabuji anaona wanyama zaidi, na wala hajui. Kwenye karatasi wanyama wameongezeka kwa asilimia 10, na huko porini hakuna aliyezaa. Akishuka chini, wanyama wanapungua, na huenda mtu ofisini akaanza kuandika ripoti ya ujangili.

Kwa hiyo safu ya kimo katika faili zangu haikuwa pambo. Niliichora kwenye kioo, safari moja baada ya nyingine, na baada ya wiki mbili nilikuwa naweza kumtambua rubani kwa mchoro wake kabla ya kusoma jina la faili. Mmoja mstari wake ulipanda na kushuka kama bahari wakati wa kusi. Mwingine alifuata ardhi kana kwamba ameshikiliwa na uzi, hata pale vilima vilipoinuka ghafla na upepo wa alasiri ukawa unampiga. Huyo wa pili ndiye niliyetaka kumwona.

Nilimwona, Wilson, kwenye kibanda cha chai. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, mkimya, ambaye kila mtu pale humwita Kapteni tu. Nilimwonyesha mchoro wake kwenye kipakatalishi. Aliutazama kwa muda, akaweka kidole mahali palipokuwa na kijimlima kimoja kilichochomoza katika ule mstari ulionyooka. "Hapa palikuwa na tai," akasema. Basi. Akaagiza chai nyingine.

Nilicheka, lakini si jambo la kucheka. Katika mita 120 huna nafasi wala muda. Wanaohesabu wanatazama chini pembeni, kwa hiyo ni wewe peke yako unayetazama mbele, na macho yako yamegawanyika kati ya kipima kimo, mstari kwenye skrini, na anga. Wanaojua historia ya Serengeti wanajua jina la Michael Grzimek. Yeye na baba yake, Bernhard, walitoka Ujerumani na ndege aina ya Dornier iliyopakwa milia kama punda milia, wakahesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani. Walipata karibu wanyama 367,000. Januari 10, 1959, Michael akiwa peke yake angani, ndege yake ilimgonga tai na ikaanguka. Alikuwa na miaka 24. Kaburi lake lipo ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na baba yake alizikwa hapo hapo baadaye.

Mnajua tabia yangu: nikishaguswa na jambo, silali hadi nimelifuata. Nikaanza kusoma juu ya watu wa kazi hii kwingineko duniani. Nitawapa mawili tu, la sayansi na la uhandisi, kwa sababu nikiandika yote nitawachosha.

La kwanza ni la ozoni. Mwaka 1985 wanasayansi watatu wa Uingereza, Farman, Gardiner na Shanklin, walitangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika ilikuwa ikipungua sana kila ifikapo majira ya kuchipua ya kule kusini. Sababu? Wengine walisema ni pepo tu, wengine ni jua, wengine ni kemikali za majokofu na makopo ya kupulizia. Bila kipimo kilichochukuliwa ndani ya hewa yenyewe, kila upande ungeweza kubishana hadi leo. Na makampuni yaliyotengeneza kemikali hizo yalikuwa na kila sababu ya kutaka mabishano yaendelee.

Agosti na Septemba 1987 NASA ilipeleka ndege mbili Punta Arenas, kusini kabisa mwa Chile. Moja ilikuwa DC-8, ndege kubwa ya abiria iliyogeuzwa maabara. Nyingine ilikuwa ER-2, ndugu wa ile ndege ya upelelezi ya U-2. ER-2 ina injini moja na rubani mmoja, mabawa marefu, na hupanda hadi karibu kilomita 20. Huko juu hewa ni nyembamba kiasi kwamba maji ya mwilini yangechemka kwa joto la mwili wenyewe, kwa hiyo rubani huvaa vazi la shinikizo kama la mwanaanga, na hula chakula laini kupitia mrija. Hata kutua ni kazi: haoni vizuri magurudumu yake yalipo, basi mwenzake humfuata kwa gari la kasi kwenye njia ya kutua akimsomea kwa redio kimo kilichobaki. Nilidhani ni utani hadi nilipoona video.

Hao marubani waliruka kusini, peke yao, juu ya barafu, ndani ya hewa baridi kupita kiasi, saa nyingi kwenda na kurudi. Injini ikizimika hapo hakuna wa kukufuata. Na kazi yao kisayansi ilikuwa nini? Kuruka mstari ulionyooka, kwa kimo kilichopangwa, kuuvuka mpaka wa ile hewa inayozunguka ncha ya kusini, huku kifaa cha kundi la James Anderson wa Chuo Kikuu cha Harvard kikipima kemikali ya klorini ndani ya bawa. Michoro iliyotoka ni ya kushangaza kwa wepesi wake. Ndege inapovuka mpaka, mstari wa klorini unapanda, mstari wa ozoni unaanguka, na kila kijigongo cha huku kina shimo lake kule. Mchoro unaojulikana zaidi ni wa Septemba 16, 1987, na ilitokea kwamba siku hiyo hiyo nchi zilikuwa zinatia saini Mkataba wa Montreal wa kulinda ozoni. Mkataba ulioanza kwa tahadhari ulikazwa miaka iliyofuata, na ushahidi wa ndege ulikuwa sehemu kubwa ya sababu. Sekretarieti ya mkataba huo, kwa wasiojua, iko hapa hapa Nairobi, Gigiri. Nimepita nje ya lango lile mara ngapi!

La pili ni la uhandisi, na hili linanihusu zaidi kwa sababu lina programu ndani yake.

Zamani usukani wa ndege uliunganishwa na mabawa na mkia kwa fimbo na kamba za chuma. Mei 25, 1972, huko Edwards, jangwani California, rubani wa utafiti wa NASA aitwaye Gary Krier alipaa na ndege ya kivita ya zamani, F-8 Crusader, ambayo viungo hivyo vilikuwa vimetolewa. Usukani wake ulituma ishara kwa kompyuta, na kompyuta ndiyo iliyoamua mabawa yafanye nini. Kompyuta gani? Ile iliyotengenezewa Apollo, ya kwenda mwezini. Neil Armstrong, ambaye kabla ya kuwa mwanaanga alikuwa rubani wa utafiti pale pale Edwards na aliirusha X-15 mara saba, ndiye aliyewashauri waitumie: ilikuwa imemfikisha mwezini na kumrudisha. Ilikuwa na maneno 2,048 ya kumbukumbu inayofutika na 36,864 ya kumbukumbu ya kudumu, na hiyo ya kudumu ilifumwa kwa mkono, waya kwa waya. Programu yangu ya tembo isingeingia humo hata robo.

Kulikuwa na mfumo wa akiba wa umeme, lakini kamba za chuma hazikuwepo tena. Krier akapaa, akatua. Ndege hiyo iliendelea na majaribio hadi 1985, jumla safari 210, ikabadilishiwa kompyuta njiani.

Sasa fikirini shawa ya maji moto. Unafungua, ni baridi. Unaongeza moto, bado baridi. Unaongeza tena. Ghafla unaungua, unarudisha haraka, sasa barafu. Kinachokutesa ni kwamba maji yanachelewa kukujibu. Oktoba 26, 1977, chombo cha majaribio cha shatoli, Enterprise, kilikuwa kinatua Edwards, Fred Haise akiwa kwenye usukani. Karibu na ardhi kikaanza mchezo huo huo: pua juu, pua chini, kikagusa, kikadunda, kikayumba kushoto na kulia, kabla hajakituliza. Sehemu ya tatizo ilikuwa ucheleweshaji: muda mdogo kati ya mkono wa rubani na jibu la chombo.

Kujua ni ucheleweshaji kiasi gani unaovumilika, walirudi kwa ile F-8. Mwaka 1978 wahandisi waliandika programu iliyoweza kuongeza ucheleweshaji kwa makusudi, vipande vidogo vya sekunde, na marubani wakatua nayo tena na tena. Katika mojawapo ya safari hizo John Manke aligusa njia ili apae tena, na ndege ikaanza kupanda na kushuka mbele ya macho ya watu, kila wimbi kubwa kuliko lililotangulia, hadi alipofanikiwa kuinua kimo na kuidhibiti. Kutokana na kazi hiyo shatoli iliwekewa programu ya kupunguza nguvu ya usukani pale inapohisi rubani ameanza kupigana na mawimbi yake mwenyewe.

Sisi watu wa programu tunapenda kusema tumejaribu kazi yetu. Tunamaanisha tumeiweka kwenye seva ya majaribio, ikaanguka, tukaenda kula chakula cha mchana. Mimi nimesoma habari za F-8 mara kadhaa na bado kuna kitu kinanikaba. Mtu aliandika hitilafu makusudi, akaihifadhi, kisha mwenzake akavaa kofia akaenda kutua nayo. Na leo ukipanda Airbus yoyote tangu A320, au Boeing 787 ya Kenya Airways, unaongozwa na ukoo wa kazi ile.

Kuna wengine wengi. Kuna wale wa NOAA ya Marekani wanaoingia ndani ya vimbunga kwa ndege aina ya P-3 zenye majina ya vikaragosi, Kermit na Miss Piggy. Septemba 15, 1989, Kermit iliingia kimbunga Hugo chini mno, kama mita 450, injini moja ikawaka moto, na walitoka wazima kwa jasho. Na hapa karibu, Januari 2019, ndege ya utafiti ya Uingereza aina ya BAe 146 ilipaa kutoka Entebbe kupima pepo za Ziwa Victoria, zile zinazovuma kutoka ziwani mchana na kutoka nchi kavu usiku na kuamsha dhoruba zinazowaua wavuvi wetu. Huwezi kuiuliza setilaiti upepo ulioko mita 300 juu ya Ziwa saa kumi na moja alfajiri ukapata jibu la uhakika. Inabidi mtu aende.

Mambo haya yangebaki ya kusoma usiku tu, lau si Mjomba.

Mjomba wangu anaishi Voi. Binti yake alimaliza kidato cha nne akapata B+, na tangu utotoni amekuwa akitazama ndege ndogo zikiondoka upande wa Tsavo kila zinapokuja kuhesabu. Anataka kuwa rubani. Tena si wa abiria: anataka hizo hizo za kuhesabu. Mjomba alikuwa amempata mnunuzi wa shamba la Wundanyi ili alipe ada ya shule ya urubani. Akaitisha kikao cha familia, akaniita niende.

"Wewe ndiye umesoma haya mambo ya mashine," akaniambia mbele ya wote. "Sitaki maneno mengi. Hiyo kazi anayoitaka iko ama haiko?"

Jamani. Mtu akikuuliza swali la namna hiyo na kuna ekari mbili mezani, huwezi kujibu kwa kujipamba. Nilimwambia, "Iko, Mjomba. Lakini mlango wake hauko pale unapodhani."

Leseni ya rubani wa biashara hapa Kenya inadai takriban saa 200 za kuruka. Saa hizo ndizo ambazo shamba lingelipia. Ukishazipata umeanza kupanga foleni, na foleni hiyo ni ndefu: vijana wenye leseni mpya na saa 200 ni wengi, na wenye ndege wanataka watu wa saa 1,000 na zaidi. Unazipata wapi? Ukifundisha wengine, ukibeba watalii, ukibeba mizigo kwenye viwanja vya murram. Kapteni alifanya miaka 11 ya kazi hizo kabla mtu hajamwamini na mistari ya sensa. Na nafasi zenyewe za utafiti hapa nchini ni chache sana, kati ya mashirika ya wanyamapori, idara za serikali na kampuni chache za kupima ardhi.

Ng'ambo je? NASA huajiri raia wa Marekani, na huanza kwa kukuuliza shahada yako ya uhandisi au sayansi kabla ya kukuuliza saa zako. Marubani wa NOAA ni maofisa wenye sare, na wao pia lazima wawe raia wenye shahada. Shule za marubani wa majaribio zipo: ile ya Uingereza, Boscombe Down, ilianza 1943 na ndiyo ya kwanza duniani, ya kiraia ipo Mojave, California, nayo hupokea watu wa nchi nyingine. Lakini ada zake kwa kawaida hulipwa na majeshi, serikali na makampuni. Hakuna shamba la Wundanyi linaloifikia.

"Kwa hiyo asome nini?" Mjomba akauliza. Nikasema asome kwanza shahada: uhandisi wa ndege, fizikia, au masomo ya ramani na vipimo vya ardhi kutoka angani. Kwanza, kwa sababu waajiri wa aina hiyo ndiyo wanayoanza nayo. Pili, kwa sababu mbele ya ndege ya utafiti kuna viti viwili, na nyuma kuna vingi. Ile DC-8 ya NASA, iliyofanya kazi tangu 1987 hadi 2024, ilibeba watu zaidi ya 40, na marubani walikuwa wachache kati yao. Aliyesoma anaweza kuanzia nyuma na kusogea mbele. Aliye na leseni peke yake hana nyuma ya kuanzia.

Mke wa mjomba akasema amina. Binti mwenyewe alikuwa amenyamaza muda wote, miwani yake puani (na kwa wanaojiuliza: miwani si kizuizi, mradi ikurekebishe macho hadi kiwango kinachotakiwa). Kisha akaniuliza swali.

"Kaka, hiyo programu unayoandika, si ndiyo itamaliza hiyo kazi kabla sijafika?"

Chumba kilinyamaza. Ni swali zuri, na nililijibu kama ninavyoamini. Kwa wahesabuji wa kiti cha nyuma, nadhani ndiyo. Utafiti uliofanyika hapo hapo Tsavo na kuchapishwa 2020 uliwalinganisha na kamera zilizofungwa kwenye ndege, na kwa aina nyingi za wanyama kamera ziliona wengi zaidi. Macho ya binadamu huchoka. Baada ya saa tatu swala ni kichaka na kichaka ni swala. Kazi ya kupitia picha maelfu ndiyo sasa inaingia mikononi mwa programu kama yangu. Kuhusu rubani, sioni hivyo kwa miaka ya karibu. Mfumo wa Tsavo una zaidi ya kilomita za mraba 40,000. Droni ndogo haiufikii. Ile kubwa inayoufikia bei yake inanunua ndege ndogo nyingi na kuwalipa marubani miaka mingi. NASA yenyewe ilirusha Global Hawk, isiyo na rubani, juu ya vimbunga kati ya 2012 na 2014. Hata hivyo mwaka 2024 NOAA ilitia saini mkataba wa kununua ndege mbili mpya za C-130J, zenye marubani ndani, zirithi kazi ya zile P-3.

Alinisikiliza, lakini niliona hajaridhika, na nilivyorudi Nairobi nilimpelekea Kapteni swali lile lile. Tulikuwa tumeanza kujaribu data za kamera wiki hiyo. Akaniambia kwamba tangu kamera zifungwe anafanya kazi zaidi. Mhesabuji ndege ikiinama kidogo huinamisha kichwa, anajua yuko wapi. Kamera hainyanyui shingo. Ukiinamisha bawa kidogo tu, ukanda mzima umehama, na picha mia zimeharibika. Sasa wanamdai anyooke kwa kimo na kwa mlalo pia. "Mwambie huyo msichana," akasema, "aje na macho makali na mgongo mzuri."

Nilimtumia ujumbe ule kama ulivyo. Akajibu kwa kuniuliza kama naweza kumtumia faili moja ya safari, ajifunze kuchora ule mstari wa kimo mwenyewe. Nimemtumia mfano nilioutengeneza, maana data za wenyewe siwezi kuzigawa, na sasa hunipigia usiku kuuliza maswali ya safu na jedwali. Mwezi wa tisa anaingia chuo kikuu, uhandisi. Mjomba amemwambia yule mnunuzi asubiri. Mwaka huu shamba lina maharagwe.

Kama kati yenu yuko aliyewahi kuruka au kuhesabu, Tsavo, Mara, Laikipia au popote, tafadhali aandike hapo chini. Nina maswali ya kimo hasa: kwenye miteremko mikali, mnafuata ardhi au mnaivuka? Faili zangu zinaonyesha kila mtu ana yake.